Chekechea Zilizozaliwa Uani mwa Msikiti

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan wa nne, Karim, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, wakamweleza dhiki yao. Watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni, na wao hawakuwa radhi mtoto apate elimu ya dunia huku ile ya akhera ikimponyoka. Ombi lilikuwa pana, lakini jibu lililopatikana baada ya uchunguzi wa mtaa kwa mtaa lilimlenga mtu mdogo kabisa: mtoto wa miaka mitatu, minne na mitano, ambaye bado hajaandikishwa darasa la kwanza. Hapo ndipo zilipoanzia shule za awali za Madrasa, ambazo ndani ya robo karne zilipita idadi ya 200 katika Kenya, Zanzibar na Uganda.

Shule hizi si za serikali, na hazina tajiri mmoja anayevuna faida mwisho wa muhula. Wenyewe ni wazazi wa mtaa, kwa kamati waliyoichagua, kwa ada waliyokubaliana, kwa chumba walichokitoa. Nimeona inafaa kuieleza historia yake sasa kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu chekechea yamekwenda kombo. Tunazungumzia rangi ya sare, basi la kumfuata mtoto mlangoni, Kiingereza cha mapema, na joho la mahafali la mtoto wa miaka sita. Mwalimu tunamtaja mwisho, na wengi hatumtaji kabisa. Shule za Madrasa zilianza na mwalimu, zikakua kwa mwalimu, na pale zilipoyumba, ziliyumba kwa sababu ya mwalimu.

Kwa nini pwani, na kwa nini wakati ule? Shule nyingi za kisasa za mwanzo katika ukanda huu ziliendeshwa na wamisheni, tangu Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na baadaye kuweka kituo chake Rabai. Kwa mzazi wa Kiislamu, kusoma na kubatizwa vilionekana vikija mlango mmoja, na hofu ile ilirithiwa vizazi kadhaa. Wapo waliopiga kelele mapema. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitumia gazeti lake la Al-Islah, lililoanza kutoka Mombasa mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu waitafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini yao. Lakini hofu ya mzazi haitibiwi kwa makala ya gazeti peke yake. Mzazi hutaka kujua mtoto wake anakabidhiwa kwa nani.

Wala mtoto wa pwani hakukaa bure. Alipelekwa chuoni mapema, akaketi mkekani na wenziwe, akaanza na alifu, akaingia Juzuu Amma, na wengine wakahitimu Msahafu wakiwa bado wadogo. Elimu ile ina nidhamu kubwa na inajenga kumbukumbu ya ajabu; anayeidharau haijui. Ila shule ya msingi ilikuwa na matakwa mengine. Ilimtaka mtoto awe ameshashika penseli, anazijua namba, anaweza kusimama mbele ya mwalimu mgeni na kujibu swali. Shule zenye sifa mjini zilikuwa na mtihani wa kumpima mtoto kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Aliyepitia chekechea alikuwa na la kusema. Aliyetoka chuoni moja kwa moja mara nyingi alirudi nyumbani na mamake, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa aliulizwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Na Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ukiwa na masomo mengi zaidi na mtihani wa KCPE mwisho wa darasa la nane, aliyeanza nyuma alizidi kuwa na mlima wa kupanda.

Chekechea zenyewe hazikuwa jambo geni nchini. Baada ya uhuru vijiji vingi vya Kenya vilijenga za harambee, na tangu mwaka 1971 serikali, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilikuwa imeanza mradi wa kuwafunza walimu wake. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya. Lakini katika mitaa mingi ya Waislamu wa kipato cha chini, chekechea iliyo karibu ilikuwa ama ya kanisa ama ya ada ambayo baba mchukuzi wa bandarini hawezi kuilipa.

Uchunguzi ule wa mtaa kwa mtaa alikabidhiwa mwalimu mzoefu wa kike, Bi Swafiya Said, na Wakfu wa Aga Khan ukaugharimia. Bi Swafiya hakuanza kwa kuchora majengo. Alizungumza na maimamu, na walimu wa madrasa, na akina mama majumbani mwao, akitaka kujua wanachokihofia na wanachokitamani. Alichokipata ni kwamba mambo mawili ambayo watu wa nje waliyaona yanagongana, kwa wazazi yalikuwa matakwa ya pamoja: mtoto ajue dini yake, na mtoto afaulu shule. Kwa hiyo shule ya awali iwekwe ndani ya madrasa yenyewe. Chini ya paa moja, asubuhi moja, mwalimu mmoja, mtoto apate yote mawili. Shule ya kwanza ilifunguliwa Mombasa katikati ya miaka ya 1980.

Uamuzi huo ulikuwa na hekima ambayo waanzilishi wengi wa shule leo hawana. Madrasa tayari ilikuwa na chumba, na asubuhi chumba hicho aghalabu kilikuwa tupu kwa kuwa wanafunzi wakubwa walikuwa shuleni. Tayari ilikuwa na choo, maji ya kutawadhia na ua. Na zaidi ya yote ilikuwa na imani ya watu. Mama ambaye asingempeleka mwanawe katika kiwanja asichokijua, hakusita kumpeleka alikosomea yeye mwenyewe. Wafadhili nao hawakushika usukani wa dini. Mafunzo ya dini yalibaki mikononi mwa Waislamu wa pwani wenyewe, na milango ikawa wazi hata kwa watoto wa majirani wasio Waislamu.

Mtaala ulihitaji kazi zaidi. Bi Swafiya na wenzake walivutiwa na njia ya HighScope, iliyotokana na kazi ya David Weikart katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Huko, kuanzia mwaka 1962, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa makundi mawili: moja likapata shule ya awali iliyo bora, jingine halikupata. Watafiti waliwafuatilia hadi walipotimiza miaka 40. Waliopata shule ile walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, wakapata kazi kwa wingi zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Kiini cha njia yenyewe ni chepesi kukieleza: mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha akae na wenzake na mwalimu aeleze alivyokifanya. Walimu wa Mombasa walikichukua kiini hicho wakakivisha nguo ya pwani.

Ukiingia katika darasa la namna hii hukuti madawati yaliyopangwa safu kuelekea ubaoni. Kuna mkeka mkubwa katikati na kona pembeni, kila kona na shughuli yake. Kona ya nyumbani ina kinu kidogo, mbuzi ya kukunia iliyoondolewa meno, kata ya kifuu, ungo na kipande cha kanga. Kona ya ujenzi ina vipande vya mbao vilivyookotwa kwa seremala na kupigwa msasa visichome. Kona ya hesabu ina kauri, kombe za baharini, vizibo vya soda na mbegu za ubuyu. Kona ya vitabu ina vitabu vichache vya dukani na vingi vilivyoshonwa kwa uzi, picha zikiwa zimekatwa kwenye magazeti na makatoni. Vitu hivi hutengenezwa na walimu pamoja na wazazi, siku za mwisho wa juma, wakiketi uani. Hii haikuwa njia ya kubana matumizi tu. Mtoto anayepima mchanga kwa kata ya kifuu anatumia chombo anachokijua kwao, na kinapovunjika mtaa una uwezo wa kutengeneza kingine bila kuagiza Nairobi wala Ulaya.

Asubuhi huanza kwa salamu na dua, kisha nyimbo katika duara. Mwalimu anamuuliza kila mtoto leo atakwenda kona gani na atafanya nini huko. Wengine hujibu sentensi nzima, wengine hunyoosha kidole tu, na mwalimu hupokea vyote. Baada ya kufanya kazi yake na kurudisha kila kitu mahali pake, mtoto huketi kueleza. Aliyesema atapika pilau ataeleza aliweka nini kwanza na nini baadaye, na kwa nini alimpa jirani yake sahani mbili. Sikiliza vizuri maelezo hayo. Ndani yake mna mpangilio wa matukio, mna sababu na matokeo, mna hesabu ya sahani, mna msamiati, na mna ujasiri wa kusema mbele za watu. Ni yale yale ambayo mtihani wa darasa la kwanza ulikuwa ukiyatafuta.

Hata mikono ilifundishwa kwa njia ya kwao. Kutunga shanga, kukunja karatasi, kujaribu kusuka ukili, kufinyanga udongo: kazi hizi hukaza vidole vya mtoto wa miaka minne, na vidole vilivyokazwa hushika penseli bila kuchoka. Kugawa vizibo 12 kwa watoto wanne sawasawa ni kugawanya, ingawa alama ya kugawanya mtoto ataiona miaka mitatu baadaye.

Wazazi wengi hawakuridhika kirahisi. Swali lilikuwa lile lile kila mtaa: mwanangu namlipia ada aje kucheza? Mzazi alitaka kuona daftari limejaa herufi, maana daftari ndilo analoweza kulikagua jioni. Swali hilo ni la haki, na linatoka kwa mtu anayetoa jasho ili alipe. Jibu lake halikuwa hotuba. Wazazi waliitwa darasani wakae, watazame, wahesabu pamoja na watoto, wasaidie kutengeneza vifaa, na waone mwaka unaofuata watoto wao wanapokwenda kupimwa darasa la kwanza.

Mimi katika jambo hili sina upande wa katikati. Kumkalisha mtoto wa miaka minne kwenye benchi anakili herufi moja kurasa tatu, fimbo ikiwa mezani, si elimu ya juu zaidi kuliko kucheza kulikopangwa. Ni elimu ya chini yake. Mtoto anajifunza kwamba shule ni mahali pa kuogopa, na somo hilo humkaa muda mrefu kuliko herufi yenyewe. Chekechea yenye kujali taaluma ni ile ambayo mwalimu wake anajua kila mchezo unafundisha nini, na anaweza kukueleza ukimuuliza.

Ushahidi wa hapa kwetu ulikuja mwaka 2008, watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipochapisha matokeo ya utafiti wao uliofanywa Kenya, Zanzibar na Uganda. Walilinganisha watoto wa shule za Madrasa, watoto wa shule nyingine za awali, na watoto waliobaki nyumbani, wakawapima mwanzoni na baada ya miezi 18. Waliokwenda shule ya awali yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani. Waliokwenda shule za Madrasa waliendelea zaidi ya wote. Watafiti walikagua pia hali ya madarasa yenyewe, yaani mwalimu anavyosema na watoto, vifaa vilivyopo, mpangilio wa siku, na hapo pia ubora ulionekana kuhusiana na maendeleo ya mtoto. Haikuwa bahati wala baraka ya jina la shule. Ilikuwa kazi ya darasani.

Kazi hiyo ya darasani ilijengwaje mara mia mbili? Hapa ndipo penye somo kubwa kwa yeyote anayefikiria kuanzisha shule. Mpango haukwenda mtaani kugawa majengo. Mtaa ndio ulioomba. Ukishaomba, uliweka mkataba na kituo cha mafunzo cha Madrasa, kila upande ukiandika wajibu wake. Mtaa ulitoa chumba au kiwanja, ukachagua kamati, na ukateua wasichana na akina mama wa pale pale wafunzwe ualimu. Kituo kilitoa mafunzo na ufuatiliaji wa karibu kwa miaka miwili hivi. Mkufunzi hakuwaita walimu semina ya siku tatu akawapa cheti na kuagana nao. Walisoma kituoni, wakarudi madarasani, naye akawafuata huko huko, akaketi mkekani, akatazama somo, na walipoachiwa watoto wakazungumza: hapa ulifanya vizuri, hapa mtoto fulani alikuwa anakuita hukumsikia, kesho jaribu hivi. Kisha akarudi tena, na tena.

Baada ya hapo shule yenyewe ilihitimu. Ilikaguliwa ubora wa ufundishaji, usafi, hesabu za fedha, utendaji wa kamati na ushiriki wa wazazi, na ikifikia viwango ilipewa cheti chake mbele ya mtaa mzima. Mahafali hayo mimi nayapenda kuliko ya majoho, maana waliopimwa ni watu wazima. Shule zilizohitimu ziliunda vyama vyao ili ziendelee kusaidiana wakati wakufunzi wamekwenda kuwahudumia wengine.

Kamati zilileta jambo ambalo halikuwa limetangazwa sana. Zilitakiwa ziwe na wanawake, na katika mitaa mingine hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kuketi na wazee wa msikiti kujadili fedha na mipango ya mtaa. Waliosema kwa sauti ndogo mwaka wa kwanza wakawa waweka hazina na makatibu. Na wale wasichana walioteuliwa, wengi wao wakiwa wamemaliza sekondari wakakaa nyumbani bila kazi, wakawa walimu wanaoitwa "mwalimu" na watoto wa mtaa wao hadi sokoni.

Mwaka 1990 mpango ulivuka kwenda Zanzibar. Huko mazingira yalikuwa tofauti kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 shule ziliwekwa chini ya serikali, na sera ya elimu ya 1991 ndiyo iliyofungua tena mlango kwa shule binafsi. Shule za awali zilikuwa chache, na nyingi mjini. Vijiji vya Unguja na Pemba vilipopata njia ya kuwa na chekechea yao ndani ya madrasa yao, vilijitokeza. Sera ya 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya msingi ya lazima, na katika miaka hiyo hiyo kikaanza kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze, kilichowafikia watoto wa vijiji visivyo na shule ya awali kwa nyimbo na michezo, wakikusanyika kwa mlezi wa pale kijijini. Vituo vyake hadi leo watu huviita TuTu. Madrasa haikuwa peke yake visiwani, na hiyo ni heri, kwani hakuna mpango mmoja unaoweza kuwabeba watoto wote.

Uganda ilifuata mwaka 1993, kituo kikiwa Kampala. Waislamu wa huko walikuwa na historia inayofanana na ya pwani, shule zikiwa zimetawaliwa na madhehebu ya Kikristo tangu mwanzo. Lugha ya darasani ikawa ile ya nyumbani, nyimbo zikabadilika, vifaa vikabadilika, kiini kikabaki. Uganda ina ugumu wake wa ziada: sheria ya elimu ya mwaka 2008 inaacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na mashirika, kwa hiyo mzazi wa kijijini asiye na kitu hana darasa la awali la serikali la kukimbilia.

Sasa nije kwenye fedha, ambako mambo hayakuwa mepesi. Shule ya mtaa maskini hutoza ada ambayo mtaa maskini unaweza kuilipa, na ada hiyo haitoshi kumlipa mwalimu mshahara wa kumweka. Wakfu wa Aga Khan ulilijua hilo, ukaja na wazo la mfuko mdogo wa kudumu: mtaa uchange, wakfu uongeze, fedha za shule mbalimbali ziunganishwe na kuwekezwa, na mapato yake yaongezewe kwenye matumizi ya shule. Lilikuwa wazo zuri, na lilifundisha kamati nyingi kuweka hesabu. Lakini mfuko wa namna hiyo huongeza tu, hauwezi kuchukua nafasi ya mshahara. Mwalimu aliyepikwa miaka miwili akawa bidhaa adimu, na shule nyingine, za binafsi na za serikali, zikamtaka kwa malipo bora. Wengi waliondoka. Hakuna wa kumlaumu aliyeondoka. Ana watoto wa kulisha naye. Ila shule iliyompoteza ilianza upya, na zipo zilizodorora kabisa.

Pigo jingine lilikuja kwa sura ya habari njema. Uganda ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 1997, Tanzania ikafuata mwaka 2001, na Kenya Januari 2003. Watoto waliofurika madarasani walistahili nafasi ile, na ilikuwa haki yao. Lakini chekechea haikuguswa na msamaha huo. Mzazi mwenye shilingi chache akapiga hesabu: kwa nini nilipie shule ya awali, wakati nikingoja mwaka mmoja au miwili nitampeleka darasa la kwanza bure? Watoto wakaanza kuingia darasa la kwanza bila kupitia popote, wakijikuta mia moja na mwalimu mmoja. Serikali zilifungua lango kubwa, zikasahau ngazi ya kulifikia.

Ngazi hiyo imeanza kujengwa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na tangu 2013 kaunti, zikiwemo za pwani, zimejenga madarasa na kuajiri walimu, ingawa malalamiko ya mishahara na mikataba yao hayajaisha. Mtaala wa Umilisi umeyapa madarasa ya awali ya PP1 na PP2 nafasi rasmi, na unatambua kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, jambo ambalo akina mama wa Mombasa walilitetea miaka thelathini kabla. Tanzania Bara iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima katika sera ya 2014, na tangu 2016 darasa hilo liko katika elimu bila ada. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nenda shule ya serikali iliyo karibu nawe ukawahesabu.

Kwa sababu madarasa hayo yamejaa, chekechea za binafsi zimeota kila mtaa, kuanzia Dar es Salaam hadi Kisauni. Nyingine ni nzuri sana, zinaendeshwa na walimu wastaafu wenye moyo na utaalamu. Nyingine ni sebule ya mtu, viti vya plastiki na bango lenye picha za katuni. Zote zinajiita za kimataifa au za kitaaluma. Mzazi anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni atazitofautishaje?

Ombi langu kwako mzazi unayetafuta nafasi ya mtoto kwa Januari ni hili: usiishie ofisini wanakopokelea fomu na risiti. Omba uketi darasani asubuhi moja. Shule itakayokukatalia, iache. Ukiwa ndani, mtazame mwalimu: anawaita watoto kwa majina yao? Anainama kuwasikiliza? Mtoto akikosea, anamfanyaje? Vifaa viko mahali mtoto anapoweza kuvifikia, au vimepangwa juu ya kabati vikiwa safi kwa ajili ya wageni? Uliza mwalimu amesomea wapi kazi hiyo na amekaa hapo muda gani. Ukiambiwa walimu hubadilika kila muhula, uliza wanalipwa kiasi gani, hata kama swali hilo litamkera mwenye shule. Unayo haki ya kujua, maana ada yako ndiyo mshahara wao.

Na kwa kaunti na halmashauri, mnaopanga bajeti za elimu: kila mwaka mnatuonyesha madarasa mapya ya chekechea yaliyopakwa rangi, tunayashukuru. Mwaka ujao tuonyesheni pia orodha ya walimu wa awali mlio nao, mishahara yao, na wakufunzi mliowaajiri wa kuwafuata madarasani. Madrasa zenye mikeka na vifuu ziliweza kuwatembelea walimu wao kila mara kwa miaka miwili. Serikali yenye kodi zetu haina sababu ya kushindwa.